Vyeti Vyao Vilikuwa Kwenye Kabati Langu

Kwa wale ambao gazeti la wiki jana lilifungiwa maandazi kabla hawajalisoma, nirudie kwa ufupi.

Jina langu ni Odeta. Hapa Mwanza wananiita Mama Queen, kwa jina la binti yangu. Nilipunguzwa kazi mwaka 1993, shirika la umma nililokuwa nikilitumikia lilipouzwa. Mume wangu akaenda Geita kutafuta dhahabu, hakurudi. Aliyenipokea ni shemeji yangu Masele, mume wa dada yangu Rebeka. Alikuwa amenunua malori mawili yaliyochoka ya shirika hilohilo, akayapaka rangi ya kijani, akaandika ubavuni "Hama kwa Raha". Kazi yake ikawa kuhamisha vyombo vya watu na maofisi. Mimi nikawa karani wake pale Buzuruga.

Wiki jana nilikiri jambo ambalo sijawahi kumwambia hata padri. Nilikwenda na Masele kijijini kwetu, Misungwi, nikasimama mbele ya watu baada ya misa, nikawaambia mjini kuna kazi ya useremala, ya kutengeneza makasha ya kufungia vyombo. Wanaume kumi na mmoja walipanda lori. Hawakumfuata Masele, maana hawakumjua vizuri. Walinifuata mimi, binti wa mwalimu wao.

Njiani nilikusanya vyeti vyao vyote: stakabadhi za kodi ya maendeleo, vyeti vya ubatizo, barua za mwenyekiti wa kijiji. Masele alisema ni kwa ajili ya kuwaandikisha kazini. Lori likanishusha Buzuruga, nikavifungia vyeti kwenye kabati langu la ofisini. Wao wakaendelea na safari.

Hiyo ilikuwa Februari 1995. Sasa sikieni ya Agosti.

Jumanne asubuhi aliingia ofisini mwanamke mmoja mwenye ushungi wa bluu na faili kwapani. Akasema anaitwa Shamsa, anashughulikia usafirishaji kwenye shirika moja la misaada. Walitaka kuhamishia Bukoba ofisi yao na nyumba ishirini za wafanyakazi.

Masele alitoka chumbani kwake mbiombio, shati limechomekwa upande mmoja.

"Karibu mama, karibu sana! Mama Queen, mletee mgeni soda!"

Shamsa hakuigusa soda. Alifungua faili.

"Kabla ya kuzungumza kazi nina maswali machache. Makasha yenu anayatengeneza nani?"

"Mafundi wangu."

"Umewaajiri wewe?"

"Wote."

"Wanakaa wapi?"

"Majumbani kwao, mama. Wangekaa wapi tena?"

"Na vyeti vyao, wanavyo wenyewe?"

Masele akacheka. Mimi nilikuwa nimelipa mgongo lile kabati. Nilihisi kama limenigusa begani.

"Swali gani hilo?" akauliza Masele.

"Swali tu. Mtu mwenye cheti chake mfukoni akichoka anaondoka. Asiye nacho ataondokaje?"

"Wanavyo wenyewe. Muulize karani wangu."

Shamsa akanigeukia. Macho yake hayakuwa makali, lakini hayakupepesa.

"Wanavyo," nikasema.

Akaandika. Akafunga faili, akasimama.

"Basi Alhamisi nitakuja kuiona hiyo karakana."

Gari lake lilipoondoka, Masele alifunga mlango kwa komeo.

"Nani amemwambia?"

"Amwambie nini, shemeji?"

"Usinichezee, Odeta. Mtu hashuki tu kutoka hewani akaulizia vyeti. Kuna mdomo unaotoa maneno nje. Ni Ally dereva, au ni wewe?"

"Mimi nitasema nini wakati sijui chochote? Hiyo karakana yenyewe sijawahi kuiona. Miezi sita sasa. Mke wa Shimba ameniandikia barua mbili anauliza habari za mumewe."

Shimba ndiye fundi mkubwa kati ya wale kumi na mmoja. Baba yangu alipofariki, jeneza lake alilichonga Shimba, akakataa malipo.

"Mjibu hajambo," Masele alisema.

"Nitajuaje kama hajambo?"

Halafu akatabasamu, na tabasamu lile likaniogopesha kuliko hasira.

"Dada yako anakupenda sana," akasema. "Binti yako analala kwenye nyumba yangu. Andika barua."

Niliandika. "Shimba hajambo na anawasalimu." Nikabandika stempu kwa mkono wangu.

Alhamisi saa tatu asubuhi nilikuwa Kiseke, kwenye uwanja ambao Masele aliukodi kwa siku moja. Mafundi nao aliwakodi, watu wa mtaani. Aliwavisha ovaroli za kijani, akawapa mbao na misumari. Kazi yangu mimi ilikuwa kuwapa majina.

Nilisoma kwenye orodha, nikamgawia kila mtu jina la mtu wa kwetu. Kijana mmoja mrefu nilimwambia, "Wewe ni Shimba. Unatoka Misungwi. Una mke na watoto wanne."

Akacheka. "Na mwenyewe Shimba yuko wapi?"

Nikamwambia ashike nyundo.

Shamsa alifika, akazunguka, akagonga makasha kwa vidole, akauliza hili na lile. Masele alimfuata nyuma kama mtu anayembebea mwavuli. Mambo yalikwenda vizuri mno. Kisha Shamsa akasimama mbele ya yule mrefu.

"Jina lako nani?"

"Shimba."

"Hongera kwa kazi, Shimba. Hebu niandikie jina lako hapa kwenye ubao."

Kijana akachukua penseli, akaandika. Shamsa akautazama ule mwandiko. Akamwambia Masele ameridhika, akamshika mkono. Masele akaenda kuwaaga mafundi wake wa kukodi, uso unang'aa.

Mimi Shamsa aliniomba nimsindikize hadi kwenye gari.

Alifungua mlango wa nyuma. Juu ya kiti palikuwa na kifuniko cha kasha, kimefunikwa kanga. Akaifunua.

"Mwezi uliopita mlimhamisha daktari wetu mmoja kwenda Bukoba. Alipofungua kasha la vikombe akakuta hiki, upande wa ndani. Soma."

Yalikuwa maandishi makubwa ya penseli ya fundi, yaliyokolezwa mara mbili ili yasifutike.

NI MIMI SHIMBA NA WENZANGU KUMI. TUMEFUNGIWA GHALA LA PAMBA LA ZAMANI NJIA YA IGOMBE. HATUTOKI. VYETI ANAVYO ODETA.

Nilisoma mpaka mwisho, nikarudia mstari wa mwisho.

"Mwandiko huu si wa yule bwana uliyenionyesha," Shamsa alisema taratibu. "Kwa hiyo yule si Shimba, na hapa si karakana. Sasa nakuuliza wewe, Mama Queen. Unamfahamu mtu anaitwa Odeta?"

Wasomaji wangu, siku ile nilikuwa na nafasi. Gari lilikuwa limewashwa. Masele alikuwa mbali. Nilichotakiwa kusema ni maneno mawili tu.

"Simfahamu," nikasema.

Shamsa akafunika kifuniko chake.

"Ukimfahamu, mwambie namtafuta. Polisi bado sijaenda, maana hapa mjini sijui nani ni rafiki wa nani. Lakini Jumatatu nitakwenda."

Usiku wa siku hiyo sitausimulia. Ijumaa mchana nilikwenda kwa dada yangu Rebeka. Nilimkuta uani anachambua mchele.

"Dada, mume wako amewafungia watu."

Hakushtuka. Hilo nililiona, lakini wakati ule nilijiambia ni uchovu.

"Watu gani?"

"Wa kwetu. Akina Shimba. Wamo kwenye ghala la pamba, njia ya Igombe. Vyeti vyao ninavyo mimi."

Mikono yake ikaendelea kuchambua. "Kila Jumamosi ananiagiza unga na dagaa wa kupakia kwenye lori," alisema. "Nikimuuliza ni vya nani, ananijibu ni vya wateja. Mteja gani anakula dagaa wa gunia?"

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilihisi. Kuhisi na kujua ni vitu viwili." Akainua uso. "Utafanya nini?"

"Nitawapelekea vyeti vyao. Kesho. Nitaviweka kwenye kikapu chini ya kitenge, niseme nimeleta chakula."

Rebeka akanishika mkono. "Nenda. Kesho atakuwa Shinyanga, amenambia mwenyewe. Yeye ni mume wangu, lakini wewe ni damu yangu."

Nililia pale uani. Aliniletea maji ya kunawa uso.

Jumamosi asubuhi nilimkuta Ally dereva anapakia magunia. Ally ni mtu wa maneno machache, na mimi kwa miezi yote ile nilimwona ni jicho la Masele. Kila nikiingia alinyamaza. Kila nikitoka nilihisi ananitazama mgongoni.

Nikapanda mbele, kikapu mapajani.

"Nipeleke Igombe."

Akazima injini. "Nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Mama Queen, sema kweli. Bosi ndiye amekutuma unijaribu?"

"Na mimi nikuulize wewe. Bosi ndiye alikuweka unichunguze?"

Tukatazamana kama watu wawili waliokutana kwenye uchochoro, kila mmoja anadhani mwenzake ni mwizi.

"Mimi nilidhani wewe ndiye mwenye mambo yote," Ally alisema mwishowe. "Kule ghalani wanakutaja kila siku. Ndiyo maana nikikuona nanyamaza."

"Wananitajaje?"

"Utasikia mwenyewe."

Akawasha injini. Tulipopita nyumba za mwisho akasema, bila kunitazama:

"Lile kasha la daktari nililiona limeandikwa. Bosi ameniagiza nikague kila kifuniko kabla sijapakia. Lile nililiacha lipite. Zaidi ya hapo sikuweza, mama. Nina watoto."

Mimi nilikuwa na mtoto mmoja, na nilifanya mabaya zaidi.

Ghala liko karibu kabisa na ziwa. Madirisha yamezibwa kwa mabati. Geti lina mnyororo, na kufuli liko upande wa nje. Mlinzi wake, mtu mnene anayeitwa Ngosha, alitazama lori, akanitazama mimi.

"Huyu nani?"

"Mama wa ofisini," Ally akajibu. "Ameleta chakula."

"Bosi hajaruhusu mtu."

"Basi kampigie simu," nikasema kwa sauti ya karani. "Mwambie umemzuia shemeji yake getini."

Simu ilikuwa mjini. Ngosha akafungua.

Ndani misumeno ilikuwa inalia. Nilipoingia, mmoja ukanyamaza, halafu mwingine, mpaka nikaanza kusikia maji ya ziwa nyuma ya ukuta.

"Mwangaluka," nikasema. Ni salamu ya kwetu ya asubuhi, hata mtoto hakosi kuiitikia.

Hakuna aliyeitikia.

Nilitafuta sura nilizozijua. Ilibidi nitazame mara mbili. Walikuwa wamepungua, ndevu zimewajaa, vumbi la mbao limeingia hadi kwenye kope. Mmoja alikuwa na alama nyekundu kuzunguka vifundo vya mikono.

Shimba akaweka chini msumeno wake.

"Binti wa mwalimu," alisema. "Umekuja."

"Nimekuja, kaka Shimba."

"Miezi sita tumekusubiri. Kila tukiomba kutoka, Masele anajibu, msubirini Odeta, vyeti anavyo Odeta, Odeta hajaamua. Anatuambia bila stakabadhi za kodi mgambo watatukamata barabarani, watasema sisi ni wakimbizi tuliovuka mpaka, watupeleke makambini. Huyu alijaribu." Akamwonyesha yule mwenye alama za mikono. "Ngosha alimrudisha kwa kamba. Wakamwambia hiyo ni amri ya Odeta."

"Sikuamuru chochote. Sikujua mko hapa."

"Hukuuliza?"

Nikapiga magoti sakafuni, nikatoa kitenge, nikaanza kusoma majina. Mmoja mmoja walikuja. Kila mmoja alichukua vyeti vyake, akavitazama, akarudi nyuma. Hakuna aliyesema asante na sikuitegemea. Mzee mmoja alifungua cheti chake cha ubatizo, akasoma jina lake kwa sauti ya chini, akalisoma tena, kama mtu anayehakikisha bado ni lake.

Shimba alikuja wa mwisho. Nilikuwa nimemnyooshea mkono wenye vyeti vyake tuliposikia gari.

Halikuwa lori. Breki zake nilizijua.

"Masele yuko Shinyanga," nikasema kwa sauti, nikijiambia mwenyewe.

Geti likafunguka. Masele aliingia kwa hatua za mtu anayeingia kanisani kwenye msiba, kofia mkononi. Nyuma yake akaingia Shamsa na faili lake kwapani. Nyuma ya Shamsa akaingia askari polisi.

"Ni kama nilivyokueleza, mama," Masele akamwambia Shamsa. Sauti yake ilikuwa na machozi. "Nimekuja kwako mwenyewe asubuhi hii, kwa miguu yangu, nilipogundua. Nilimwamini kama ndugu. Nikamwachia mambo yote ya wafanyakazi. Kumbe nyuma yangu alikuwa anafanya haya."

"Shemeji!" nikapiga kelele.

Hakunitazama. "Huyo ndiye Odeta. Na vyeti alikuja kuvihamisha kabla hujavipata. Tazama kwenye kikapu, chini ya kitenge."

Nikamgeukia Ally. Alikuwa ameinamisha kichwa mlangoni. Halafu nikakumbuka kwamba Ally sikumwonyesha kilichokuwa ndani ya kikapu. Wala sikumtajia kitenge.

Mtu mmoja tu nilimwambia. Aliniletea maji ya kunawa uso.

Shamsa alinitazama mimi niliyepiga magoti, mkono bado umenyooka na vyeti vya Shimba.

"Kwa hiyo Odeta ni wewe," alisema. "Alhamisi nilikuuliza."

"Ni mimi."

Akageukia mafundi. "Msiogope. Nawauliza swali moja. Ni nani aliyewatoa kijijini kwenu akawaleta?"

Walimtazama Shimba. Shimba akachukua vyeti vyake mkononi mwangu, taratibu. Akainua kidole.

"Ni huyu," akasema. "Odeta ndiye aliyetuleta."

Hakusema uongo.

Askari akapiga hatua mbele, Shamsa akamzuia. "Bado swali moja. Ufunguo wa geti lile la nje, huwa anao nani?"

Moyo wangu ukaruka kwa furaha. Hilo lingeniokoa! Ufunguo ule sijawahi kuushika, na kila mtu mle ndani alijua. Nikamtazama Ngosha. Ngosha akamtazama Masele, kwa kitambo kidogo tu. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akaja mpaka pale nilipokuwa, akainama, akauweka ufunguo kwenye kiganja changu.

"Shika, mama," alisema kwa heshima. "Uliusahau ulipotoka hapa Jumatatu."

Jumatatu nilikuwa Buzuruga tangu asubuhi hadi jioni. Shimba, aliyejua kwamba sikufika ghalani Jumatatu wala siku nyingine yoyote, alikuwa amesimama mbele yangu.

"Kaka Shimba," nikasema. "Waambie."

Shimba akanitazama. Akatazama ufunguo. Akavikunja vyeti vyake mara mbili, akaviweka kwenye mfuko wa shati, akaufunga kifungo.

Akanyamaza.